Mwalimu wa Magari ya Umeme

Jakarta, 19 Januari 2020

Kwa Mama Marie-Jeanne,

Nakusalimia kwa heshima. Bibiane ameniambia ulikasirika kwa sababu niliondoka Sydney bila kukuaga ipasavyo. Ni kweli nilikosa. Siku ile pale uwanja wa ndege tulisimama kama watu wawili wanaongoja mabasi tofauti. Kwa simu nakuonea haya. Mkwe hampigii mama mkwe akaanza kupiga soga. Lakini ulikuwa mwalimu, kwa hiyo nimeona nikuandikie kwa mkono, nipige picha, niitume kwenye simu yako. Makosa yangu utayasahihisha.

Huku nimefika salama. Mvua ya Mwaka Mpya ilizamisha mji, na karakana yetu imejaa magari yenye tope hadi madirishani. Kampuni inaingiza magari ya haibridi, yale yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, na machache ya umeme mtupu. Watu wanayatamani na kuyaogopa. Jana mama mmoja alisimama mbali na gari lake mwenyewe akaniuliza, "Likiingia kwenye maji na watoto wangu wamo ndani, litatuua?" Nikamwonyesha jinsi umeme unavyojikata wenyewe. Akagusa mlango kwa kidole kimoja, kama anapima pasi.

Kazi yangu ni kufundisha mafundi kumi na wawili. Mlangoni wameandika jina langu. Wananiita Pak Guru, Bwana Mwalimu. Unajua miaka minne pale Smithfield nilivyobeba matairi ghalani, na diploma yangu ya Kenya iko kabatini, na ile kozi ya magari ya umeme niliyosoma jioni haikunipa hata mahojiano. Kwa hiyo nisamehe nikijisifu kidogo.

Lugha yao itakufurahisha. Meza ni meja. Sabuni ni sabun. Dunia ni dunia, na bendera ni bendera.

Mkataba ni mwaka mmoja tu. Niangalizie Bibiane na Ornella.

Mkwe wako,
Muema

Guildford, Sydney, 2 Februari 2020

Mkwe wangu Baba Ornella,

Aksanti kwa barua. Nimekuta makosa matatu, si mabaya. Miaka ishirini na miwili nilifundisha darasa la tatu Bukavu, nimeona mabaya zaidi.

Sikukasirika juu ya kuagwa. Nilikasirika juu ya mtoto. Ornella ana miaka saba, na kila gari likisimama nje anakwenda dirishani. Ananiuliza kwa Kiingereza, namjibu kwa Kiswahili, kila mtu anabaki na lugha yake, lakini swali ni lile lile.

Bibiane anafanya kazi mingi kule kwenye nyumba ya wazee. Akirudi anaweka miguu ndani ya beseni, anawaigiza wale wazee wanavyomkataza kuzima televisheni, tunacheka. Nilipokuona mara ya kwanza kanisani Merrylands niliogopa. Wewe Mkamba, yeye Mshi, hakuna anayejua lugha ya nyumbani ya mwenzake. Nikasema, watagombana kwa Kiswahili, kila mmoja na chake. Kumbe Kiswahili hicho hicho kimewatosha kupendana. Basi usikiache kikae simuni tu. Mwaka mmoja uwe mwaka mmoja.

Hiyo bendera yao imenifurahisha.

Mama yako,
Marie-Jeanne

Jakarta, 12 Aprili 2020

Mama mpendwa,

Leo ni Pasaka na kanisa limefungwa, karakana imefungwa, barabara ambayo kwa kawaida hainyamazi imenyamaza. Australia nayo imefunga mipaka. Wakaazi kama sisi tunaruhusiwa kurudi, tukae hotelini siku kumi na nne chini ya ulinzi. Lakini nikirudi sasa, wewe unajua nitakaporudi: kwenye matairi, kama hata hayo matairi bado yapo.

Nafundisha kwa kompyuta. Nimefungua batri moja kuukuu mezani pangu, wao wananitazama kutoka majumbani mwao, na watoto wao wanapita nyuma. Mmoja wao, baba wa watoto watatu, mtu mzima kuliko mimi, kila akielewa jambo anapiga makofi peke yake.

Mambo mengine ya biashara hii hayafundishiki. Nyumba nyingi hapa zina umeme mdogo. Ukichomeka gari, jokofu linazima, pampu inazima, mke anatoka nje kuuliza nani amefanya hivyo. Ndiyo maana wanaanza na haibridi. Kampuni inasema tuwe na subira, soko litakuja.

Mwambie Bibiane asivae barakoa moja siku mbili. Yeye hunijibu "sawa" kisha anafanya anavyotaka.

Muema

Guildford, 22 Novemba 2020

Baba Ornella,

Usiwe na wasiwasi kwa kukawia kwangu. Nyumba iko salama. Ornella ametimiza miaka minane, alikata keki, vipande viwili akakuwekea wewe, na kesho yake akavila.

Bibiane anakusalimia sana. Amepungua kidogo, ni ile kazi. Amechukua likizo ndefu, wakubwa wake ni watu wazuri. Kama hamwonani kwa picha siku hizi, ni kamera ya simu yake imeharibika, bado hatujapata nafasi ya kuitengenezesha. Sauti si inatosha? Na usimpigie jioni, jioni anachoka upesi.

Umesema mkataba unaisha Januari. Bibiane amesema nisikuulize. Mimi nakuuliza. Utarudi?

Marie-Jeanne

Jakarta, 14 Machi 2021

Mama,

Uniwie radhi kwa kimya. Mkataba uliisha Januari, na nilikusudia kurudi. Lakini nafasi za ndege ni chache mno, Australia inapokea watu wachache kwa wiki, na wanaotafuta ni maelfu. Nimetafuta nikachoka. Mwezi huu pia nimekosa kiti. Kwa hiyo nimekubali kuendelea hapa kidogo, badala ya kukaa bure.

Mambo huku yamefunguka. Sheria ya namba za usajili, leo yapite magari ya namba witiri, kesho ya shufwa, imesimamishwa kwa ajili ya ugonjwa, lakini ikirudi haitayabana magari ya umeme. Yatapita kila siku. Wenye ofisi wameligundua hilo, wanakuja. Tunafungua karakana ya pili, na mimi ndiye nitakayeiongoza. Mafundi thelathini, Mama. Nimechora mwenyewe mahali pa kuweka kila meza, na stuli ya mbao ya kumkinga fundi anayegusa nyaya kubwa, na fimbo yenye ndoano ya kumvuta mwenzake akinaswa. Siku ya ufunguzi nitavaa ile suti ya harusi.

Nimemsikia Bibiane anakohoa. Amenikatisha akaniuliza habari za karakana. Alinisikiliza nusu saa nzima bila kuchoka. Amebadilika, zamani alikuwa akiniambia, "Muema, magari tena?"

Muema

Guildford, 27 Juni 2021

Muema,

Leo sitakuita mkwe, nitakuita kwa jina, juu ya ninalokuandikia ni zito.

Bibiane ni mgonjwa. Ana saratani ya tumbo. Tumejua tangu Novemba. Kamera haikuharibika. Hakuchukua likizo, alishindwa kusimama. Walimpa dawa kali miezi mitano, nywele zikatoka, chakula kikamkataa. Wiki jana daktari alimketisha, na mimi pembeni, akasema dawa hazisaidii tena, sasa ni kumtuliza maumivu tu. Tulipofika nyumbani aliomba nimpikie fufu, akala vijiko viwili, akasema ni tamu.

Aliniapisha nisikwambie. Aliniapisha kwa jina la baba yake. Leo nimevunja kiapo, na nimemwambia uso kwa uso kwamba nakivunja. Hakugomba. Alisema tu, "Basi mwambie aje na nguo za baridi."

Tangu jana Sydney imefungwa tena. Mlangoni tunapokea muuguzi peke yake. Ornella anajua mama anaumwa, hajui mwisho wake, au labda anajua kutuzidi.

Njoo, mwanangu. Usiniandikie barua ndefu. Njoo.

Mama Marie-Jeanne

Jakarta, 11 Julai 2021

Mama,

Nimesoma barua yako nimesimama karakanani, nikakaa chini sakafuni mbele ya watu.

Natafuta. Kila siku natafuta. Australia imesema kuanzia wiki hii watu wanaopokewa watapunguzwa nusu. Nimenyimwa kiti mara tatu. Sasa nimepata cha tarehe 29, wameniapia hakitatenguliwa.

Huku ugonjwa umetuingia vibaya. Watu wanapanga foleni na mitungi wakitafuta oksijeni. Yule fundi aliyekuwa akipiga makofi amefariki juzi, mkewe yuko hospitalini. Magari yetu mawili ya umeme tumeyatoa yabebe mitungi. Jana niliendesha mimi mwenyewe tangu asubuhi. Gari lile halina sauti. Nilikuwa nikisikia pumzi zangu tu ndani ya barakoa, na kila pumzi nilimfikiria Bibiane.

Mwambie nakuja. Mwambie nina nguo za baridi.

Muema

Hotelini, Sydney, 31 Julai 2021

Mama,

Nimetua. Nipo ghorofa ya kumi na moja, dirisha halifunguki. Kutoka hapa naona treni zinazokwenda magharibi, na najua ipi inapita Guildford. Ni mwendo wa chini ya saa moja.

Nimeomba ruhusa nitoke nije kumwona, hata nikiwa nimevikwa plastiki mwili mzima, hata kwa dakika kumi. Nimetuma barua ya daktari wake, na majibu ya vipimo vyangu viwili, vyote vinaonyesha sina ugonjwa. Wamejibu kwamba ombi langu linashughulikiwa.

Aksanti kwa kumshikia simu jana. Sikumtambua, Mama. Niliona kichwa kidogo kwenye mto nikadhani ni Ornella. Kisha akasema, "Tumbo hilo umelitoa wapi? Jakarta kuna ugali?" Nikacheka, naye akacheka, na nilipokata simu nilibisha mlango wangu mwenyewe kwa ngumi mpaka askari akaja kuniuliza nina shida gani.

Muema

Guildford, 6 Agosti 2021

Mwanangu,

Jana nilikupigia nikakwambia kwa maneno mawili, nikasikia simu imeanguka. Leo nakuandikia ili uwe nayo yote.

Alikwenda Alhamisi alfajiri, kitandani kwenu, upande wako wa kitanda. Muuguzi alikuwa amempa dawa, hakuumia. Jumatano mchana alikuwa macho vizuri. Alimwita Ornella wakapaka kucha rangi, nyekundu kwa mtoto, ya waridi kwa mama. Aliuliza mara mbili kama umepata ruhusa. Mara ya pili nilimdanganya, nikasema, "Ndiyo, kesho anakuja." Akasema, "Nifungie kitambaa kizuri basi." Nikamfungia kile cha kitenge cha buluu. Alikufa nacho.

Ornella hakulia. Amekaa kwenye ngazi ya nyuma.

Hatutamzika mpaka utoke. Kanisa limekubali tungoje Jumanne ya tarehe 17. Ni watu kumi tu wanaoruhusiwa. Mwanangu Bisimwa yuko Wollongong na ataomba kibali cha kuja. Kina mama wa kwaya wataimba kila mtu nyumbani kwake, kwa simu.

Marie-Jeanne

Hotelini, 8 Agosti 2021

Mama,

Ruhusa yangu imetoka leo Jumapili. Inasema naweza kumtembelea mgonjwa kwa saa moja.

Nina neno la kukwambia na sitalipamba. Uliniibia mke wangu. Miezi saba, Mama! Miezi saba mlikaa nyumba moja mkijua, mkanipa mimi habari za kamera na likizo. Mimi nilikuwa nachora meza za karakana, yeye anang'oka nywele. Ungeniandikia Novemba ningekuja kwa miguu. Kiapo ni nini? Mtu mzima, mwalimu, unaapishwa na mtoto wako kumficha mume wake, nawe unatii?

Niliandika hayo asubuhi. Nimekwenda mbele na nyuma ya chumba hiki, hatua sita, na sasa ni alasiri, na nimeona siwezi kuyatuma peke yake.

Mama, mwezi wa Machi sikukosa kiti. Nilikuwa nacho. Ndege ya tarehe 9, jina langu, imelipiwa. Siku tatu kabla ya safari, mkurugenzi aliniita akaniambia, ukikaa, karakana ya pili ni yako. Nikaenda kwa wakala nikakirudisha kile kiti. Kisha nikakaa chini nikakuandikia kwamba nimetafuta nikachoka. Nilijiambia ni miezi minne tu. Nilijiambia Bibiane ni mzima, atangoja, amezoea kungoja. Nilitaka siku moja tu nisimame mbele ya watu thelathini ndani ya suti.

Nilisimama. Walipiga picha. Siku ile alikuwa na muda gani bado? Mnihesabie nyinyi, mimi siwezi.

Muema

Guildford, 10 Agosti 2021

Muema,

Nilijua.

Bibiane pia alijua. Ile imeli yenu ya pamoja, mliyoifungua mlipokuwa mnaomba nyumba, wakala aliandika huko: abiria ameahirisha safari kwa hiari yake. Bibiane aliisoma mezani, tunakunywa chai. Akanisukumia simu.

"Mama, alipewa kiti. Amekirudisha."

Nikamwambia, "Basi leo namwandikia. Akijua unaumwa atakuja."

"Ndiyo maana usimwandikie. Akirudi, arudi juu ya kutaka kurudi. Sitaki aje kukaa na mimi kwa huruma, akiangalia saa."

Alikuwa na hasira, mwanangu, sitakuficha. Alivunja sahani siku hiyo. Lakini wiki iliyofuata, ninamkanda mgongo, alisema jambo lingine. "Unajua kule wanamwita mwalimu? Hapa bosi wake alikuwa hajui hata jina lake." Akaongeza: "Mwache afungue karakana yake." Sijui lipi kati ya hayo mawili lilikuwa la moyo wake. Nadhani yote mawili. Ndiyo maana siku ile ulipompigia alikusikiliza nusu saa. Alikuwa amejifunika blanketi, anatetemeka, na anatabasamu.

Sasa langu. Umeniuliza mtu mzima anatiije kiapo kama hicho. Novemba nilitii kiapo, ni kweli. Lakini kuanzia Machi si kiapo kilichoninyamazisha. Niliposoma barua yako ya uwongo nilisema moyoni: vizuri, abaki huko, siku moja atajua na itamuuma. Nilitaka ikuume. Nilikuwa namfuta binti yangu matapishi, na nilikuwa na furaha moja tu mbaya, kufikiria siku utakayojua. Mpaka Juni, daktari aliposema lile neno, ndipo nikaogopa nilichofanya. Miezi mitatu, Muema. Hiyo si yake, si kiapo, ni yangu. Umeandika niliiba. Sikatai.

Ijumaa ukitoka njoo nyumbani moja kwa moja. Ufunguo unao.

Marie-Jeanne

Guildford, 28 Novemba 2021

Mama mpendwa,

Wiki tatu sasa tangu barabara zifunguliwe ukaenda kwa Bisimwa Wollongong. Nilipokubebea sanduku hukusema utarudi lini, nami sikuuliza. Tangu mazishi tumeishi nyumba moja tukiambiana chai imeiva na mvua inakuja. Kwa hiyo narudi kwenye karatasi.

Nimepata kazi kwenye gereji ndogo Smithfield, mitaa miwili tu kutoka kwenye lile ghala la zamani. Nabadilisha mafuta na breki. Juzi lilikuja gari la haibridi limekufa kabisa, na mafundi wakaliacha uani, hakuna aliyetaka kuligusa. Nikavaa glavu, nikakata umeme, nikalifungua. Ilikuwa kasoro ndogo, waya mmoja umeliwa na kutu. Mwenye gereji, Mlebanoni mmoja mwenye mdomo mchafu na moyo mwema, alikuja akasimama nyuma yangu. "Umejifunza wapi hii?" Nikamwambia, "Jakarta." Akaniambia kuanzia kesho niwafundishe wenzangu kila Alhamisi. Nilimshukuru, nikaenda chooni nikafunga mlango, na nilikaa humo mpaka wakanigongea.

Jakarta wameniandikia mara mbili, wananitaka. Nimewajibu hapana.

Ornella haniiti jina lolote. Akitaka kitu husimama mbele yangu akangoja nimtazame. Siku zile alipokuwa akienda dirishani hazirudi, nami ninapofika na gari hainuki alipokaa. Namwandalia chakula, anakula, anaosha sahani yake, anakwenda. Simlaumu.

Kuhusu uliyoniandikia Agosti, nimeyasoma mara nyingi. Sijui kama nimekusamehe. Sijui kama wewe umenisamehe. Kuna siku nakuwa na hasira na wewe mpaka nasikia joto kichwani, na siku hiyo hiyo napika maharagwe nikataka kukuuliza chumvi inatiwa lini. Bibiane angekuwepo angetucheka sisi wawili.

Leo asubuhi nilijaribu kumsuka Ornella kwa ajili ya kanisa. Saa nzima na nusu. Upande mmoja ukafumuka tukiwa mlangoni, akajitazama kwenye kioo, akakaa chini papo hapo na gauni lake jeupe akalia. Ni mara ya kwanza namwona akilia tangu nirudi. Nikakaa chini naye. Kanisani hatukwenda. Alipomaliza aliniona nimechukua karatasi, akaniuliza naandika kwa nani. Nikasema, kwa bibi, kwa Koko. Akafikiri. Kisha akasema kwa Kiingereza, nami nakutafsiria neno kwa neno: "Mwambie Koko arudi. Baba anajaribu, lakini hajui."

Nimekuandikia nywele zake zikiwa bado wazi. Rudi, Mama.

Muema